Behewa la Tatu

Jengo letu la Michenzani watu huliita treni.
Madirisha mamoja kwa mamoja, na halijatoka kituoni
tangu lijengwe.
Lakini chumba cha nyuma, juu ya milango miwili mikuukuu
iliyolazwa juu ya makreti ya soda,
lipo garimoshi jengine, na hilo linakwenda,
umeme ukiwepo.

Baba alilijenga kwa kusikia.
Bibi yake alilipanda mara moja, Ngomeni hadi Bububu,
akarudi na tundu la cheche kwenye kanga,
dogo kama punje ya mtama.
Kwa tundu hilo baba alichungulia miaka thelathini.

Mabehewa aliyakata kwenye makopo ya maziwa ya unga,
magurudumu ni vizibo,
mataruma ni vijiti vya mishikaki alivyoviokota Forodhani,
akavichemsha vitoke mafuta.
Mama alisamehe mengi, ile sufuria hakuisamehe.

Mfungo Sita ulipoandama, akatutoka.
Nikarithi ufunguo, koleo,
na makosa.

Nilianza na rula.
Mtu wa kuenea mlango wa kituo
kichwa chake kingepita paa la behewa.
Kuku wa Mtoni mrefu kuliko mnazi wa Mtoni.
Baba, fundi wa suti, mtu wa futi na chaki,
aliyejua bega la kila bwana harusi wa Kikwajuni,
hapa hakupima kitu.

Basi nikabomoa.
Kituo kipya nimekipa kuta za plasta na maganda ya mayai,
paa la karatasi yenye mikunjo, nikaliogesha chai ya rangi
mara tatu, kisha maji ya msumari uliolala kwenye siki,
likashika kutu ya miaka sitini kwa siku mbili.
Chini ya ukuta nikagusa kijani kidogo,
pale maji ya paa yanaporukia.
Nyumba isiyo doa haijakaliwa.

Behewa la kwanza lilikuwa jepesi, kila kona linaruka.
Nikaligandisha nati nne sakafuni:
likatulia kama mtu aliyeshiba.
La pili nimelivua vizibo.
Thuwein wa Mwembetanga kanichongea magurudumu ya shaba,
pesa akakataa; alitaka kuwa abiria.
Yumo, dirisha la pili, na kofia yake.
Sikumchora masharubu. Kanuna wiki nzima.

Usiku nikilijaribu, Bi Shemsa wa chini
hugonga dari kwa mpini wa fagio:
"Nyinyi, hicho cherehani hakilali?"
Hujibu, "Tumekaribia kumaliza, bibi,"
na sijui kwa nini nasema *tumekaribia*.

La tatu nililiacha mwisho kwa vile rangi yake ilikuwa nzima.
Nikalifungua paa kwa kisu cha matunda.
Hamna viti. Hamna mtu.
Kuna pazia moja, kipande cha kanga kilichofifia,
kimepindwa ukingo kwa mkono, mishono midogo
ambayo mashine haiiwezi,
na katikati ya pazia, tundu
lenye ukingo mweusi.

Nikatoa rula. Nikairudisha.
Kwa kipimo changu, abiria wa humo
angepitisha kichwa kwenye tundu hilo,
na cheche iliyolitoboa ingekuwa kubwa kama tungi.
Kwa kipimo chake
kuku ni sawa, mlango ni sawa,
mnazi tu labda ungeongezwa kidogo.

Nimelifunika. Sikulitia nati, sikulibadili magurudumu.
Kona ya Mtoni bado linaruka, linawavuta wenzake,
na Thuwein kila akija huuliza,
"Hili nalo, lini?"
Nampa kahawa.

Jana umeme ulikatika likiwa halijafika.
Jengo zima giza, ngazi zimejaa watu wanaoitana majina.
Nikauma simu kwa meno, taa ikimulika mbele,
nikalisukuma kwa kidole kimoja,
polepole,
mpaka Bububu.